Barua ya wazi kwa mameneja wa redio Mwanza: mahojiano huharibika kabla ya maiki kuwashwa

Kwa: Wamiliki, wakurugenzi na mameneja wa vipindi wa vituo vya redio, Mwanza na Kanda ya Ziwa

YAH: MUDA NA MAANDALIZI YA MAHOJIANO NA WAANDISHI, WANAMUZIKI NA WANAHARAKATI

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni watayarishaji, watangazaji na mafundi mitambo wa vipindi vya mahojiano. Hatulalamikii mishahara, hiyo ina barua yake. Tunaandika kwa sababu mahojiano mengi yanayorushwa ukanda huu huharibika kabla maiki haijawashwa, na huharibikia mahali ambapo fundi na mtangazaji hawana sauti: kwenye ratiba. Mgeni anathibitishwa jana yake jioni. Mtangazaji anaonyeshwa jalada la kitabu mlangoni mwa studio. Saa moja iliyotangazwa inageuka nusu saa, kisha faili linafutwa mwezi unaofuata ili kompyuta ipate nafasi. Yote hayo ni maamuzi ya ofisini.

Msikilizaji hayaoni maamuzi hayo, lakini anayasikia kwenye maswali. "Tueleze historia yako kwa ufupi." "Unakutana na changamoto gani?" "Una ujumbe gani kwa mashabiki wako?" "Neno la mwisho?" Kwa maswali hayo manne unaweza kumhoji mtunzi wa riwaya, mpiga gitaa na diwani, ukapata majibu yaleyale. Mtangazaji hayaulizi kwa uvivu. Ndiyo maswali pekee anayoweza kuuliza mtu ambaye hakupewa muda wa kusoma, kusikiliza wala kupiga simu.

Tuanze na kitabu, maana hesabu yake ni nyepesi. Anayesoma riwaya huku akiweka alama pembeni humaliza kurasa 25 hadi 30 kwa saa. Kitabu cha kurasa 200 basi kinataka saa saba au nane. Mtangazaji mwenye vipindi viwili kwa siku, pamoja na kusoma matangazo na kuhudhuria vikao, hawezi kuzipata saa hizo. Tunaomba mambo mawili: nakala imfikie siku 10 kabla ya kipindi, na siku moja ya zamu yake ifutwe ili asome. Kitabu kikichelewa kabisa, iko njia ya dharura. Asome sura ya kwanza, sura ya mwisho, na sura moja ya katikati iliyochaguliwa na mwandishi mwenyewe. Hewani amuulize kwa nini kachagua hiyo. Jibu lake huwa na nyama. Mtangazaji aliyesoma nyuma ya jalada tu hujulikana mara moja: humtaka mwandishi aeleze "kitabu kinahusu nini", mwandishi akasimulia kisa chote kwa dakika kumi, na msikilizaji akabaki hana sababu ya kwenda kukinunua.

Mwandishi asome hewani. Hili tumeliona likikataliwa kwa madai kwamba wasikilizaji watachoka, na kweli huchoka mwandishi akisoma kurasa tano. Maneno 220 hadi 250 ni dakika mbili hivi kwa usomaji wa utulivu, na hizo zinatosha. Kipande kizuri kwa redio ni kile chenye watu wawili wanaosemezana. Maelezo marefu ya mandhari huzama. Kipigwe chapa kwa herufi kubwa, saizi 14 au 16, upande mmoja wa karatasi, bila pini. Mwandishi akisoma kwenye kitabu chenyewe, kichwa huinama kufuata mkunjo wa kurasa, mdomo ukatoka kwenye maiki, na nusu ya sentensi zikafifia. Karatasi zilizopigwa pini hulia zinapopinduliwa. Zilizo huru huwekwa kando moja moja bila kelele. Mshairi aulizwe mapema kama atasoma au ataghani, kwa kuwa sauti ya kughani hupanda ghafla na fundi anatakiwa awe ameshashusha kiwango. Kama ni shairi la mizani 16 kwa mstari, nane kwa nane, mtangazaji ahesabu kabla ya kuingia studio. Akigundua ubeti mmoja umevunja hesabu, hapo amepata swali zuri kuliko yote aliyoyaandika.

Na tusingoje uzinduzi wa kitabu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Kati ya mswada na kitabu ilipita miaka 35. Kituo kinachomwita mwandishi siku ya uzinduzi tu kingemkuta mzee huyo akiwa na muda mfupi sana wa kuishi. Visiwani na vijijini Magu, Misungwi na Sengerema wapo wenye miswada kwenye masanduku. Tengeni kipindi kimoja kwa mwezi cha watu wenye kazi ambazo bado hazijachapishwa. Hakidai gharama zaidi ya nauli, na nauli tutaizungumzia.

Sasa saa yenyewe. Chukueni saa moja ya asubuhi ya kawaida. Taarifa ya habari dakika 5, muhtasari wa nusu saa dakika 2, mapumziko manne ya biashara ya dakika 3 kila moja, utangulizi na promo dakika 3, nyimbo mbili dakika 8. Jumla dakika 30. Mgeni aliyeahidiwa saa nzima amebakiwa na nusu, nayo imekatwa vipande vitano. Hatuombi matangazo yaondolewe. Tunajua nani analipa umeme. Tunaomba nyimbo za kujazia zitoke kwenye kipindi cha mwandishi au mwanaharakati, na mapumziko yaruhusiwe kusogea sekunde 90 mbele au nyuma, ili mtangazaji akate jibu linapoisha. Sasa hivi kompyuta ndiyo inayokata, na mara nyingi hukata mgeni akiwa ndiyo kwanza amesema "kwa sababu".

Kila baada ya dakika saba au nane mgeni atambulishwe upya kwa sentensi moja: jina, kazi yake, mnazungumzia nini. Abiria aliyepanda daladala Nyegezi akashukia Kirumba hakusikia mwanzo wala hatasikia mwisho.

Siku moja kabla, mtayarishaji ampigie mgeni simu ya robo saa. Aulize jina linatamkwaje, anapenda kutambulishwa kwa cheo gani, atasoma au kuimba nini, jambo gani hataki kulizungumzia, na atafika kwa usafiri gani. Asimuulize maswali yenyewe ya kipindi. Ukiyauliza leo, kesho utajibiwa "kama nilivyokuambia jana", na jibu zuri litakuwa limekwisha kwenye simu. Maswali 12 yanatosha kwa nusu saa; yale matano ya lazima yawekwe mwanzoni, kwa kuwa ya mwishoni huliwa na muda. Swali moja kwa wakati mmoja. Maswali mawili yakiunganishwa, mgeni hujibu la pili na la kwanza hupotea. Swali linaloanza na "je, ni kweli kwamba" huleta ndiyo au hapana. "Ilikuwaje" na "uliamuaje" huleta maelezo. Mgeni akinyamaza, mtangazaji ahesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla ya kuingia. Jambo la maana mara nyingi huja baada ya kimya hicho. Ila meneja anayepiga simu studio kwa hofu ya "sauti imekatika" hulivuruga, kwa hiyo tunaomba subira ya sekunde tatu kutoka huko juu pia.

Zile "ndiyo… eeh… sawasawa" za mtangazaji chini ya sauti ya mgeni ni adabu nyumbani na uchafu kwenye rekodi. Kutikisa kichwa kunatosha. Kama zimerekodiwa njia moja na mgeni haziondoki tena, ndiyo maana tunasisitiza kila maiki irekodiwe kwenye njia yake: mtangazaji njia ya kwanza, mgeni njia ya pili. Mikisa (mashine za kuchanganya sauti) nyingi zilizopo studio tayari zinaweza; kinachokosekana ni idhini ya kubadilisha mpangilio wa kompyuta.

Kuhusu chumba na maiki tutasema yanayoharibu kazi kila siku. Maiki za kondensa zinazonunuliwa kwa kuwa zinaonekana za kisasa zinafaa chumba kilichozibwa vizuri. Kwenye chumba chenye dirisha la kioo, bati juu na bodaboda nje, hunasa kila kitu. Hapo maiki ya dainamiki, yenye bei ndogo zaidi, hufanya kazi bora. Mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki, na maiki ielekezwe kwa pembe ya digrii kama 45, ili pumzi ya "p" na "b" ipite pembeni. Kiwango cha kurekodi kiwe kati ya desibeli -12 na -6 mgeni anaposema kwa nguvu. Sauti ikigonga sifuri imeshapasuka na hakuna programu itakayoirudisha ilivyokuwa. Ikiwa ndogo kidogo hupandishwa baadaye. Kati ya makosa mawili, heri hilo la pili.

Simu za mkononi zibaki nje ya studio. Kuzima mlio hakutoshi: simu inapowasiliana na mnara, kebo ya maiki hunasa ule mkoromo wa "trrt-trrt-trrt" hata skrini ikiwa giza. Mngurumo mzito usiokoma mara nyingi ni umeme wa hezi 50 unaoingia kwenye kebo, ama kwa sababu ya ati (waya wa ardhini) mbovu, ama kebo isiyo ya XLR (ile ya pini tatu) imelazwa sambamba na waya wa umeme kwa mita kadhaa. Kuipitisha kebo juu ya waya huo kwa pembe mraba ni dawa ya bure. Mgeni apewe maji yasiyo baridi. Soda humtia gesi, na maziwa huleta utelezi kooni. Bangili zivuliwe. Kiti kinacholia kitolewe, hata kama ndicho kiti cha mkurugenzi.

Mvua ikipiga bati hakuna cha kufanya ila kusubiri au kuwa na kipindi cha akiba. Kwa masika na vuli kila kituo kiwe na mahojiano mawili yaliyokwisha kuhaririwa, yasiyochacha. Na betri ya kushikilia umeme iunganishwe na kompyuta ya kurekodi pia, maana vituo vingi huiweka kwenye mtambo wa kurushia tu. Umeme ukiruka sekunde moja, kituo kinabaki hewani na faili la mahojiano linafungwa bila kukamilika.

Wageni wa mbali wanahojiwa kwa simu, na hapo ubora hufa kwa sababu inayojulikana. Simu ya kawaida hupitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, wakati nguvu kubwa ya herufi kama "s" na "f" iko juu ya hapo. Ndiyo maana kwenye simu "sisi" na "fisi" hukaribiana, jambo lisilopendeza mgeni anapotaja chama chake. Tatizo lina ufumbuzi wa gharama ndogo mno. Mgeni awe na simu mbili: moja ya kuzungumza na mtangazaji kwa hedifoni, nyingine imewekwa sentimita 20 mbele ya mdomo ikirekodi kwa programu yake ya kunasa sauti. Mwanzoni apige kofi moja ili fundi aoanishe faili mbili. Akimaliza alitume faili kama hati. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa ubora ukapungua. Saa moja kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban megabaiti 58, bando ambalo kituo kinaweza kumrudishia mgeni bila kuitisha kikao. Wakati wa kurekodi afunge madirisha, azime feni, akae kwenye chumba chenye godoro na nguo. Chumba cha kulala kinashinda ofisi yoyote ya vigae.

Kurekodi mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki wavuvi, kunastahili ratiba ya pekee, na hapa ndipo wapangaji wanapokosea zaidi, kwa kuwa ziwa lina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja pwani. Kuanzia kama saa tano au sita mchana huwa umeshika kasi, na maiki isiyo na manyoya ya kuzuia upepo haitoi kitu. Mahojiano ya Kirumba, Igombe au kisiwani yafanyike asubuhi mapema. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Siku za mbalamwezi hupumzika nchi kavu, wakirekebisha nyavu. Anayetaka kumhoji mwanaharakati wa wavuvi na wavuvi wenyewe apange kwa kalenda ya mwezi, si kwa nafasi ya gari la ofisi. Mtangazaji ashike maiki mwenyewe muda wote, akiupa upepo mgongo, na avae hedifoni, kwa sababu sikio huzoea injini ya mtumbwi na kuacha kuisikia wakati maiki haizoei. Kabla ya kuondoka arekodi dakika moja ya mwalo bila mtu kuongea: maji, vyuma, sauti za mbali. Kipande hicho ndicho fundi atakachozibia viungo anapokata maneno. Bila hicho, kila mkato husikika.

Kwa wanamuziki, tatizo la kwanza ni kuwaita waimbe moja kwa moja bila kuwapa muda wa kupima sauti. Dakika 40 kabla ya hewa ndiyo kima cha chini kwa mtu mmoja mwenye gitaa. Maiki ya gitaa ikae sentimita 20 hadi 30, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mngurumo wa besi peke yake. Nanga na zeze, ala za nyuzi za asili, zina sauti ndogo, zisogelewe karibu zaidi, na mpigaji aombwe asiongee juu ya nyuzi wakati anajibu swali. Kikundi cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kisiingizwe studio ya mita tatu kwa nne. Kifuatwe kinapochezea, au pale Bujora, Kisesa, ambako makumbusho ya Wasukuma yana uwanja. Maiki mbili juu ya stendi za mita mbili, umbali wa mita tatu au nne kutoka kwenye ngoma, zitachukua ngoma, njuga na waimbaji kwa uwiano. Mahojiano na kiongozi wa kikundi yafanywe kabla hawajaanza, maana baadaye hana pumzi. Na mtangazaji ajue kabla ya kufika kama kikundi ni cha Bagika au cha Bagalu, pande mbili za wachezaji ngoma wa Kisukuma. Asiyejua ushindani wa pande hizo mbili atauliza maswali ya ngoma bila kugusa kinachowafanya wacheze.

Kiongozi akijibu kwa Kisukuma, aachwe ajibu. Sentensi ya kwanza isikike yenyewe kwa sekunde tatu au nne, kisha ishushwe kama desibeli 15, tafsiri ya Kiswahili ipite juu, na sekunde za mwisho za sauti yake zirudi wazi. Tafsiri isomwe na mtu mwingine, asiwe yule anayehoji. La sivyo msikilizaji hajui nani anasema nini.

Wimbo unaojadiliwa usichezwe wote. Sekunde 60 hadi 90 za sehemu inayozungumzwa zinatosha, halafu swali linaihusu sehemu hiyo: kwa nini gitaa la pili linaingia hapo, nani alitunga kiitikio. Majibu yaandikwe kwenye fomu: mtunzi wa maneno, wapigaji kwa majina, studio, mwaka. Bendi nyingi za dansi zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na leo wanaotafuta majina ya wapigaji hutegemea kumbukumbu za wazee. Tusiwaachie wajukuu zetu kazi hiyohiyo. Pia mnatambua kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii anayeimba, siyo mtunzi peke yake. Kumrekodi akiimba studio kwenu na baadaye kuuweka wimbo huo kwenye intaneti ni jambo la kuombewa idhini yake, kwa maandishi, kabla hajashika gitaa.

Kwenye malipo tutasema kwa ufupi, bila kutaja kituo. Kuna mahojiano yanayolipiwa na anayehojiwa, awe msanii mwenye meneja mwenye fedha au asasi yenye bajeti ya mradi. Hayo ni matangazo. Yauzwe, lakini msikilizaji aambiwe mwanzoni na mwishoni, na aliyelipa asipewe haki ya kuchagua maswali. Msanii asiye na bahasha apate nafasi kwa kazi yake. Na nauli ya mgeni iwe kwenye bajeti ya kipindi. Anayevuka kwa meli kutoka Nansio, Ukerewe, huenda asiweze kuwa studio saa tatu asubuhi bila kulala mjini. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji naye hutandika kitanda.

Wanaharakati ndio tunaowaogopa, na kwa sababu hiyo huwa tunawahoji vibaya kuliko wote: ama tunawaachia wahutubie, ama tunawakata kila wanapotaja jina. Njia ya kati ipo, nayo ni kazi ya siku mbili kabla. Mtayarishaji aandike kila tuhuma itakayotajwa, kila moja kwa mstari wake, na mbele yake ushahidi alionao mgeni: hati, picha, shahidi, au hakuna. Isiyo na ushahidi isiingie. Anayetuhumiwa apigiwe na aandikiwe angalau saa 24 kabla, akipewa tuhuma zenyewe na siyo "tuna kipindi, njoo". Kupigiwa dakika kumi kabla ya hewa ni njia ya kutafuta sentensi ya "hakupatikana". Kama kituo hakina kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde saba hadi kumi, mtayarishaji akiwa na mkono kwenye kitufe, basi kipindi kirekodiwe. Kurekodi humpa mhariri nafasi ya kukata dakika moja yenye hatari na kuziokoa dakika 24 zenye faida. Tumeona kipindi kizima kikifutwa kwa hofu ya sentensi moja, na hiyo ndiyo gharama halisi ya kulazimisha kila kitu kiwe mubashara.

Zaidi ya hapo kuna wanaokuja na mwanaharakati: mama aliyeombwa ngono ili auziwe samaki mwaloni, familia ya mtoto mwenye ualbino iliyotishwa, binti aliyeozeshwa. Kubadili sauti kwa kompyuta hakuwafichi. Sauti iliyopandishwa au kushushwa inaweza kurudishwa na mtu mwenye programu ileile, na kisiwani mtu hutambulika kwa namna anavyocheka. Njia salama ni maneno yake kusomwa na mtu mwingine, baada ya kuondoa jina la mwalo, kazi, idadi ya watoto na tarehe. Aulizwe maswali matatu tofauti, kila moja na jibu lake: unakubali irushwe leo, unakubali irudiwe, unakubali vipande viwekwe mitandaoni? Wengi hukubali la kwanza na kukataa la tatu, na fomu zetu za sasa hazina nafasi ya kutofautisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imelifanya jambo hili kuwa zaidi ya adabu. Mtoto asihojiwe peke yake kamwe.

Kila ifikapo Mei 21 na Septemba 20, vituo huwaita manusura wa ajali za MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018, wakaulizwa walijisikiaje, wakalia, na wimbo wa huzuni ukapigwa. Wapo wanaotaka kukumbuka, na ni haki yao. Lakini mwanaharakati wa usalama majini aulizwe pia maswali anayoweza kuyajibu kwa mkono kwenye karatasi: chombo kinachoondoka leo kimeruhusiwa kubeba abiria wangapi, nani aliwahesabu gatini, majaketi ya kujiokolea yako wapi na yanatosha wangapi, mzigo umefungwa vipi. Anayesimamia chombo hicho aitwe kwenye kiti cha pili. Kipindi kama hicho hakiliwi na mwezi mmoja. Kinaweza kurudiwa Agosti.

La mwisho ni ghala. Saa moja ya sauti kwa biti 24 na kilohezi 48, njia moja, ni megabaiti kama 520. Diski ya nje ya terabaiti moja hubeba zaidi ya saa 1,800. Hakuna kituo Mwanza kinachorekodi saa hizo kwa mwaka kwenye kipindi kimoja cha wiki, kwa hiyo hoja ya "nafasi imejaa" haina mashiko. Jina la faili lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kisha jina la mgeni, kisha mada. "Interview mpya final 2" ni kaburi. Nakala ziwe tatu, moja ikae nje ya jengo. Mgeni apewe yake wiki hiyohiyo. Kaseti za zamani zilizoko makabatini zihamishwe kwa kasi yake ya kawaida: ya dakika 60 huchukua dakika 60, hakuna mkato, na mtu mmoja akipewa nusu siku humaliza tatu au nne. Kaseti yenye ukungu isiingizwe kwenye mashine nzuri. Itachafua kichwa na kuambukiza nyingine.

Ratiba ya robo ijayo haijafungwa. Tunaomba kikao cha saa mbili kabla haijafungwa, tukija na fomu ya mgeni ya ukurasa mmoja, fomu ya idhini yenye visanduku vitatu, na rasimu ya saa moja ya kipindi iliyopangwa upya kwa dakika. Mameneja wa mauzo waje pia, kwa kuwa sekunde 90 tunazoziomba ni zao. Kikao kisiwe asubuhi; wengi wetu tuko hewani hadi saa nne.

Wenu katika kazi,

Watayarishaji, watangazaji na mafundi mitambo wa vipindi vya mahojiano
Mwanza